Paka wa Mji wa Kale Wana Mwenyewe

Samaki wanapoteremshwa kwenye soko la karibu na Bandari ya Kale ya Mombasa, paka huwa wameshafika. Wachuuzi wakipaa magamba, wao wanangoja matumbo. Mtu akiinama kuwatazama ataona mmoja macho yamegandwa na usaha, mwingine ufizi umevimba hata kutafuna hawezi, na jike mwenye mimba ambaye watoto wa uzao uliopita bado wanamfuata wakitaka kunyonya. Wakazi wa mitaa ya Kibokoni na Kuze wameyazoea haya, na mazoea hayo yamewapa wenye dhamana kisingizio cha kusema kwamba paka hawa hawana mwenyewe.

Wanaye. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika. Huduma za madaktari wa mifugo zimewekwa humo humo, tena chini ya afya. Waliotunga sheria hiyo walielewa kwamba afya ya mnyama wa mtaani na afya ya mtoto anayecheza naye haziachani. Serikali ya Kaunti ya Mombasa inapowashughulikia paka haimfanyii mtu hisani. Inatimiza wajibu wake.

Wajibu huo una uzito wa roho za watu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua Wakenya wapatao 2,000 kila mwaka, na mkakati wa taifa uliozinduliwa 2014 umeweka 2030 kuwa mwisho wa vifo hivyo. Mbwa ndio wanaowaambukiza watu wengi zaidi, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa naye huugua, na mtu akiumwa au kuparurwa naye yumo hatarini. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kampeni ya chanjo inayowafikia mbwa na kuwaruka paka wa vichochoroni imeacha mlango wazi.

Madhara hayaishii kisiwani Mombasa, kwa kuwa maradhi ya wanyama wa nyumbani huvuka hadi porini. Mwaka 1994 ugonjwa wa distemper, unaojulikana sana kwa mbwa wa kufugwa, uliangamiza takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti na kuvuka hadi Maasai Mara. Kimburu naye, paka wa porini wa Afrika, huzaa na paka wa nyumbani wanaozurura, na kidogo kidogo damu yake hupotea. Anayemtupa paka asiyemtaka pembezoni mwa msitu wa Kwale au Kilifi, akidhani amempa uhuru, amepeleka huko maradhi na uzao usiotakiwa.

Pwani yetu si ngeni kwa utafiti. Paka wa Sokoke, waliotambuliwa 1978 karibu na Msitu wa Arabuko-Sokoke, walipelekwa Denmark wakafugwa na kusajiliwa, na uchunguzi wa vinasaba ulioongozwa kutoka California ukawaonyesha kuwa jamaa wa paka wa Lamu. Ikiwa ukoo wa paka wetu umeweza kusomwa ng'ambo, kaunti haina udhuru wa kushindwa kuwahesabu paka wa wadi moja, kupima maradhi yao na kutangaza matokeo. Vyuo vikuu vya Pwani na Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi vishirikishwe katika kazi hiyo.

Wako wanaosema dawa ya wingi wa paka ni sumu. Tunalikataa wazo hilo katakata. Chambo kinachomuua paka kinaweza kuokotwa na mtoto, na maadamu taka za samaki zipo, paka wengine watakuja kushika nafasi ya waliokufa. Njia iliyothibitika ni kuwakamata, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha walipokuwa, huku taka zikizolewa kila siku.

Wakazi nao wana sehemu yao. Mji huu umelelewa kwa hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Basi huruma isiishie kwenye kichwa cha samaki kinachotupwa kibarazani. Anayemlisha paka kila siku ampeleke kuhasiwa na kuchanjwa, na wachuuzi waache kumwaga matumbo ya samaki njiani.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Tunataka humo kifungu kinachojitegemea cha chanjo na uhasi wa paka na mbwa, kikiwa na kiasi cha fedha na afisa wa kuulizwa. Wakazi wa Mji wa Kale wahudhurie vikao vya maoni ya umma wakidai hivyo, na mwakilishi wao asiipigie kura bajeti isiyokuwa nacho.