Bunge lifanane na kura zilizopigwa

Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulikuwa na ushindani mkali kuliko wowote uliowahi kushuhudiwa Tanzania tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992. Katika kura za ubunge CCM ilipata takriban asilimia 55. Siku ile ulifanyika uchaguzi katika majimbo 256, na CCM ikashinda 188, yaani karibu robo tatu. Vyama vya Ukawa, muungano wa upinzani, vilivyokuwa vimeachiana majimbo vilikusanya zaidi ya asilimia 40 ya kura, vikaambulia robo ya majimbo. Hakuna haja ya kumtuhumu mtu wizi ili kuieleza tofauti hiyo. Imetokana na kanuni yenyewe: anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, anachukua kiti, na kura za wenzake haziingii popote katika hesabu ya majimbo. Mwananchi aliyempigia mgombea wa pili, awe wa upinzani mjini Dodoma au wa CCM kisiwani Pemba, anarudi nyumbani bila sauti ya jimbo lake bungeni kwa miaka mitano.

Wanaodai mfumo wa uwiano hudhaniwa wanataka kitu kigeni kabisa. Si kweli, kwa sababu tayari tunao nusunusu. Ibara ya 78 ya Katiba inagawa viti maalum vya wanawake kwa vyama kulingana na kura vilizopata, ilimradi chama kimefikisha asilimia tano ya kura zote halali. Kasoro iko kwenye hesabu. Viti hivyo hugawiwa peke yake, pasipo kuangalia kila chama kimekwisha kupata majimbo mangapi, na kwa hiyo aliyezidishiwa majimboni anaongezewa tena. Mwaka 2015 viti maalum vilikuwa 113, na zaidi ya nusu vilikwenda kwa CCM. Ikafikisha zaidi ya theluthi mbili ya wabunge wote wa kuchaguliwa na wa viti maalum, idadi ambayo kwa ibara nyingi inatosha kubadili Katiba, ilhali wapiga kura walikuwa wameipa zaidi kidogo ya nusu.

Tuchukue viti vilevile 113 na kura zilezile, ila tuvigawe kwa kufidia: kwanza tutazame chama kinastahili wabunge wangapi kwa ujumla kulingana na kura zake, kisha tutoe majimbo kiliyokwisha kushinda, na kinachobaki ndiyo idadi ya viti maalum vyake. Kwa hesabu hiyo CCM ingepata viti maalum kama 24, CHADEMA kama 88, na CUF kimoja, maana CUF ilikwisha kushinda majimbo mengi, hasa Zanzibar ambako majimbo yana watu wachache. CCM ingebaki na wingi ulio wazi wa kupitisha bajeti na sheria. Jambo moja tu lingeikwepa, nalo ni uwezo wa kugusa Katiba bila kuzungumza na mtu yeyote. Sioni kwa nini chama kinachojiamini kiogope hilo.

Lesotho ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Mei 1998 chama cha LCD kilipata asilimia 60 hivi ya kura na kushinda viti 79 kati ya 80. Chama cha BNP, kilichopata karibu robo ya kura, kilipewa kiti kimoja. Yakafuata maandamano, na Septemba majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini, huku sehemu kubwa ya katikati ya Maseru ikiteketea. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Pius Langa ilikuta dosari, lakini haikuweza kusema kwamba uchaguzi ule uliibwa. Hapo ndipo pa kutafakari kwa makini. Nchi iliungua kwa matokeo ambayo huenda yalihesabiwa sawasawa, kwa sababu robo ya wapiga kura haikuona sura yake bungeni. Baada ya mazungumzo, viti 40 vya kufidia viliongezwa kwenye majimbo 80. Mwaka 2002 LCD ilishinda tena, ila safari hii BNP, ikiwa na zaidi kidogo ya asilimia 20 ya kura, iliingia bungeni na wabunge 21.

Wapo wanaosema uwiano huzaa serikali legelege, na Lesotho yenyewe inawapa hoja: serikali za mseto zimevunjika huko, na wananchi waliitwa kwenye uchaguzi wa mapema mwaka 2015 na tena mwaka 2017. Lakini waziri mkuu wa Lesotho husimama au kuanguka kwa wingi wa wabunge. Tanzania humchagua Rais kwa kura yake mwenyewe, na serikali yake haianguki kwa sababu chama kidogo kimejitoa kwenye mseto. Hoja ya pili ni ujanja. Mwaka 2007, wapiga kura wa Lesotho wakiwa na karatasi mbili, vyama vikubwa vilitumia vyama rafiki kukusanya kura za orodha ili kuikwepa fidia, na ugomvi ukazuka upya. Dawa yake ilikuwa kurudi kwenye kura moja inayohesabika jimboni na kitaifa. Sisi kura yetu ya ubunge ni moja tayari.

Hoja nzito zaidi ni ya wanawake na orodha za vyama. Ni kweli kwamba orodha humpa kiongozi wa chama rungu, na sakata la wabunge 19 wa viti maalum waliofukuzwa uanachama na CHADEMA mwaka 2020 lilionyesha mbunge wa aina hii anavyoweza kuning'inia kati ya chama na Bunge. Kwa hiyo sheria ilazimishe orodha ipigiwe kura na wanachama na iwasilishwe Tume ya Uchaguzi kabla ya kura kupigwa, isiguswe tena baadaye. Viti viendelee kuwa vya wanawake. Fidia ingekuwa na faida ambayo haizungumzwi: chama kinachozoa majimbo kingepata viti maalum vichache, hivyo kingelazimika kuwasimamisha wanawake majimboni penyewe, badala ya kuwaweka pembeni kwa kisingizio kwamba wana viti vyao.

Atakuja msomaji aniulize: hesabu hizi zina maana gani baada ya Oktoba 29, 2025? CHADEMA haikuwamo kwenye uchaguzi ule, mgombea urais wa CCM alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97, na siku zile zilijaa maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti. Namkubalia kwamba hakuna kanuni ya kugawa viti itakayofaa kitu iwapo wagombea wanazuiwa mlangoni na Tume haiaminiki. Hilo ni sharti la kwanza. Lakini namwomba atazame pia kinachowashawishi watu kuvuruga. Pale ambapo kura mia chache za kituoni huamua jimbo zima, kila jimbo huwa vita ya kufa na kupona. Kwenye mfumo wa fidia, chama kinachonyang'anywa jimbo hurudishiwa kiti kwenye orodha kwa kadiri ya kura zake za nchi nzima, hivyo aliyenyang'anya hana cha maana alichopata.

Kuhusu urais sina maneno mengi. Kabla ya mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, mshindi alipaswa kuvuka nusu ya kura, na tangu hapo Ibara ya 41 inamtosheleza kwa kura nyingi kuliko wenzake. Malawi ilikuwa na kanuni kama hiyo, na mwaka 2019 Rais akatangazwa kwa asilimia 38 na ushee. Mahakama ikaufuta uchaguzi na kusema wingi maana yake ni zaidi ya nusu, vyama vikaungana, na Juni 2020 mshindi akapata karibu asilimia 59. Wanaolalamikia gharama za duru ya pili wakumbuke kwamba hakuna rais wa Tanzania aliyetangazwa tangu 1995 kwa chini ya nusu, hivyo sharti hilo lisingetugharimu hata senti. Ibara hiyohiyo ya 41 inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais baada ya kutangazwa, na Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitamka kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Bado limo.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba ilipendekeza katika rasimu yake ya mwaka 2013 kwamba Rais apate zaidi ya nusu ya kura na matokeo yake yaweze kupingwa mahakamani. Kazi hiyo imekwisha kufanywa, na haihitaji tume nyingine. Wabunge walioapa kuilinda Katiba wapeleke muswada wa kurekebisha Ibara ya 41 na ya 78 mapema, miaka ya uchaguzi ikiwa bado mbali, wakati hakuna anayejua kwa hakika kanuni mpya itamnufaisha nani.