Kasha la Kale Halitaki Msasa

Aliyeandika kwamba kasha la Zanzibar lililoharibika lipigwe msasa, ling'arishwe na kugongomewa misumari mipya ya chuma, amepotosha. Mabamba ya shaba juu ya mbao za msaji ni membamba. Msasa huyala pamoja na nakshi zake. Nacho chuma kikigusana na shaba katika hewa ya chumvi ya pwani, huota kutu upesi, na kutu hiyo hutia mbao madoa na kuzidhoofisha.

Tumia kitambaa laini na sabuni kidogo, kausha vizuri, kisha rudishia njumu zilizong'oka. Zilizopotea zitafutiwe za shaba. Mikwaruzo ya zamani iachwe, ni sehemu ya historia yake. Wenye makasha, wakatalieni mafundi wa haraka: nakshi iliyosagwa hairudi.