Wema wa Msimu wa Palizi

Krismasi ya Ufipa, kwetu mkoani Rukwa, haiji na mavuno. Mahindi huanza kuvunwa mwezi Mei, hupukuchuliwa na kuingia kwenye vihenge na magunia Juni na Julai, wakati baridi ya uwanda inapouma kweli kweli. Ikifika Desemba mvua zimeshika, mahindi mapya ndiyo kwanza yanainuka, palizi inaita, na akiba ya Mei inashuka. Sikukuu inawakuta watu wana tope miguuni. Wali wa tarehe 25 umepandishwa kutoka bonde la Rukwa, migebuka na dagaa wametoka Ziwa Tanganyika, Kasanga au Kirando, kuku ni wa hapo hapo nyumbani. Lakini mama mwenye nyumba anajua kwamba mbele yake kuna Januari, Februari na Machi, na kwamba hakuna kitakachoingia ghalani miezi hiyo.

Ndiyo maana debe la mahindi linalotolewa Desemba ni zito kuliko la Julai. Mwezi Julai kila mtu anacho na kutoa hakumsumbui mtu. Anayempelekea jirani aliyejifungua unga wiki ya Krismasi anapunguza chakula cha wanawe wa Februari, naye anajua, na aliyepokea anajua pia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, tuliotoka Laela, Matai, Namanyere, na mitaa ya Sumbawanga mjini ambako kila nyumba bado ina shamba mahali fulani. Mwenye mgonjwa hakuachiwa shamba lake limezwe na majani. Watu walikuja na majembe yao asubuhi, wakapalilia, wakala walichopikiwa, wakaondoka. Waliosafiri barabara ya Tunduma kabla ya lami wanakumbuka pia jinsi lori lilivyokwama usiku kwenye tope la masika, na jinsi watu wa kijiji cha jirani, wasiomjua hata abiria mmoja, walivyotoka na tochi na majembe, na wanawake wakaleta viazi vya kuchemsha kwa ajili ya watoto waliokuwa ndani.

Ndugu wasomaji, toleo la Desemba la jarida la jumuiya yetu hapa Uingereza huwa la shukrani, na mwaka huu nataka tuseme wazi tunamshukuru nani na kwa njia gani. Naona shukrani zetu tulio ughaibuni zimezoea kuangalia upande mmoja tu, nyumbani. Tunawakumbuka waliotuzaa, waliotusomesha, waliouza ng'ombe ili tupate nauli. Hilo ni haki yao na lisipungue. Ila wema tuliotendewa haumalizwi kwa kuwarudishia waliotutendea, kwa sababu wengi wao hawapo tena, na wengine hata majina yao hatukuyajua. Mama aliyeleta viazi kwenye lori lililokwama utamlipa wapi? Deni lake analipwa mtu mwingine aliyekwama mahali pengine.

Kuna mtu mmoja katika historia ya kwetu ambaye natamani kila mtoto anayezaliwa huku amjue. Wengi tunalijua jina lake kama jina la hospitali tu, ile ya Dk. Atiman pale Sumbawanga. Adrien Atiman hakuwa Mfipa, wala hakuzaliwa karibu na Ufipa. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo, kwenye miaka ya 1860. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akavushwa Jangwa la Sahara kama mtumwa. Huko Algeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, kisha Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika hilo, akampeleka Malta pamoja na vijana wengine Waafrika waliokombolewa utumwani kama yeye, wasomee tiba. Alipomaliza alipanda meli hadi Zanzibar, na kutoka pwani akatembea kwa miguu na msafara hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Alifika Karema mwaka 1889.

Hebu tumfikirie kijana huyo siku za mwanzo. Hana ndugu hata mmoja upande huu wa Afrika. Lugha yake ya utoto hakuna anayeisikia. Kabla yake Karema ilikuwa ngome ya Wabelgiji, na wamisionari walikabidhiwa mwaka 1885 tu. Misafara ya watumwa bado ilikuwa inapita katika nchi hiyo. Mtu aliyenyang'anywa utoto wake na wafanyabiashara wa watu alikuwa na kila sababu ya kuuogopa ulimwengu na kujifungia. Badala yake akafungua mkoba wa dawa. Alitibu Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Alioa huko huko, na mwanawe akawa padri. Alikuwa daktari na katekista, na waliokuja kwake hawakuwa jamaa zake kwa damu, kwa kabila wala kwa nchi.

Nimekuwa nikijiuliza Atiman alimlipa nani. Waliomkomboa Algeria hawakumdai, na hata kama wangemdai, hakuwa karibu nao. Alichopewa jangwani alikitoa ziwani, kwa watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya jangwa lile. Na watu wa Karema nao walimpa kitu kikubwa ambacho vitabu havikitaji sana: walimpokea. Walikubali awaguse, awachanje, aozwe binti yao, aitwe mzee wao. Mgeni hawezi kuwa mwema katika nchi ambayo hakuna anayemfungulia mlango.

Historia hiyo ya kufungua milango inaendelea hadi siku ambazo wengi wetu tuliziona kwa macho. Mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji walivuka ziwa na mipaka, na mawili kati ya makazi makubwa waliyopewa, Katumba na Mishamo, yalikuwa wilaya ya Mpanda, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla Katavi haijawa mkoa mwaka 2012. Walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakawa sehemu ya mkoa uliohesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ndiyo inayolilisha taifa. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya laki moja na sitini elfu wa kundi hilo la 1972 na watoto wao. Hakukosekana ugomvi wa ardhi wala maneno makali, na sitaki kupamba. Lakini mkoa maskini, uliokaa miaka mingi bila barabara ya maana, ulipokea watu kwa maelfu na kuwaachia nafasi. Sisi ni watoto wa mkoa huo. Tusipojua kumpokea mgeni mmoja anayeshuka na sanduku lake katika mji huu wa Uingereza, tutakuwa tumejifunza uchoyo ugenini.

Na wageni wapo. Mwaka hata mwaka wanafika vijana wetu wa vyuo, na wanafika dada na kaka zetu wanaokuja kufanya kazi hospitalini. Wengi hufika kati ya Septemba na Novemba, wakiwa na koti jepesi la mtumba walilolinunua wakidhani litatosha. Desemba inapofika jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Chuo kinafungwa, wanafunzi wenyeji wanakwenda kwao, jengo zima la hosteli linabaki na taa tatu. Tarehe 25 treni karibu zote nchini hazitembei na mabasi ni ya kuhesabu. Kijana ambaye mwaka jana siku hiyo alikuwa katikati ya binamu kumi na watano anashinda chumbani na simu yake, akiangalia picha za nyumbani, na akipigiwa anasema, "Niko salama mama, tunasherehekea." Mama anafurahi. Wengi tulio na miaka huku tuliwahi kusema maneno hayo hayo, na tunajua yalikuwa na ukweli kiasi gani.

Sherehe yetu ya ukumbini tarehe 26 ni nzuri, na kamati imefanya kazi ya kusifiwa. Lakini niseme ninavyoona: ukumbi unawafikia wale ambao tayari wana marafiki, gari, na nguo ya kuvaa. Mgeni haji ukumbini peke yake. Anaona aibu, hana anayemjua, anahofia mchango. Huyo anahitaji mtu mmoja ambaye atampigia simu kwa jina lake na kumwambia, "Mdogo wangu, nakuja kukuchukua saa sita, usipike." Nyumba ikiwa ndogo si kitu. Kwetu watu walikula sebuleni, jikoni, barazani na chini ya mwembe, na hakuna aliyehesabu viti.

Kuna wema mmoja ambao jarida hili halijawahi kuuandika, nao unafanyika kila mwaka. Waislamu wa jumuiya yetu, hasa akina dada wanaofanya kazi za kuhudumia wazee, hujitolea kuchukua zamu za tarehe 24 usiku na 25 ili wenzao Wakristo waende mkesha na wakae na watoto wao. Hawatangazi. Wanabadilishana zamu kimya kimya na meneja anaona majina tu kwenye ratiba. Ikifika Idi wapo Wakristo wanaofanya hivyo hivyo, ingawa, niseme kweli, ni wachache kuliko inavyopasa. Dada zetu, tunawashukuru. Mzee wa kizungu asiyetembelewa na mtu, anayegeuzwa kitandani usiku wa Krismasi na mwanamke wa Kigoma au wa Pemba anayemwita "baba", anapata kitu ambacho hakuna bajeti ya serikali inayokitoa. Na wenzenu mliowaachia usiku huo wapate kuwa nyumbani, wanajua.

Shukrani nyingine ni kwa majirani wenyeji ambao hawatasoma Kiswahili hiki. Yule bibi anayepokea vifurushi vyetu tukiwa kazini. Yule baba anayemwaga chumvi kwenye ngazi za jengo zima barafu inapoganda, kabla hajaombwa. Tuwashukuru kwa kitu wanachoweza kukishika. Sahani ya maandazi ya moto au sambusa, ikiwa na kadi iliyoandikwa na watoto, inatosha. Na siku ya pili tuwagongee, maana kwa wazee wengi wa nchi hii sikukuu ndiyo siku ndefu kuliko zote za mwaka.

Kuhusu nyumbani nina ombi moja, na naliomba kwa moyo wote. Desemba kila mmoja wetu anatuma fedha ya sikukuu. Nguo za watoto, mchele, soda, kuku. Watu wanafurahi na ni vizuri wafurahi. Lakini wakati mgumu Ufipa unaanza sherehe ikishaisha. Shule zinafunguliwa Januari, na mtoto anatakiwa sare, madaftari na viatu. Mahindi yanataka mbolea ya kukuzia, na hata baada ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 mfuko bado ni fedha nyingi kwa mama mjane mwenye ekari moja. Mbolea ikichelewa wiki tatu mahindi yanakuwa ya njano, na mavuno ya Mei yanapungua kwa kosa la Januari. Kwa hiyo, ikiwa unaweza, igawe ile ya Desemba mara mbili. Tuma nusu kwa sikukuu, na nusu nyingine iweke hadi katikati ya Januari. Na unapotuma kwa simu, weka na ya kutolea. Ni fedha kidogo kwako, lakini inamwondolea bibi aibu ya kusimama mbele ya wakala akikatwa kiasi alichokuwa amekipangia matumizi hadi shilingi ya mwisho.

Usimtumie ndugu yako peke yake pia, kama Mungu amekujalia. Kila kijiji kina nyumba ambayo haina mtu ughaibuni, haina mtu hata Dar es Salaam. Mwombe dada yako akuambie ni ipi. Debe moja kwa nyumba hiyo, likipelekwa na mtu wa kwenu mwenyewe, bila picha kupigwa wala jina lako kutajwa hadharani.

Sasa mambo ya mwaka huu. Katibu anaandaa orodha mbili. Ya kwanza ni ya watu watakaokuwa peke yao tarehe 25, na anayeandikishwa hatasomwa jina popote. Katibu peke yake ndiye atakayemwunganisha na nyumba iliyo tayari kumpokea. Unaweza kumwandikisha mwenzako usiyependa abaki chumbani, mradi umemwuliza kwanza. Ya pili ni ya wanaotoka zamu asubuhi ya tarehe 25 au wanaoingia jioni bila usafiri. Makoti mazito, glavu na mablanketi yaliyo safi yaletwe ukumbini kabla ya sherehe, yakiwa yamefuliwa na vifungo vyake vimekamilika, kwa kuwa atakayeyavaa ni mgeni wetu. Unga wa dona na maharage tutanunua kwa mfuko wa jumuiya. Wenye magari wataje viti walivyonavyo na mtaa wanakoanzia, ili atakayepanga safari asimzungushe mtu mji mzima kabla naye hajala na watoto wake.