Sori Si Toba

Leo nitagusa mahali. Ukisikia imeuma, usije inboksi kuniuliza ni nani aliyeniambia mambo ya nyumba yako. Hakuna aliyeniambia.

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo limeingia jikoni kwetu, limepanda matatu na sisi, na siku hizi limefika mpaka madhabahuni. Waingereza huliandika sorry. Sisi tumelifanya sori, na tumelibebesha mizigo kuliko punda wa maji.

Hebu hesabu nami. Mtu amekukanyaga mkishuka kwenye matatu: sori. Hajasikia ulichosema kwa simu: sori? Anataka kupita katikati ya viti ibada ikiendelea: sori, sori, sori. Anayesoma matangazo amekosea siku: mkutano wa akina mama ni Alhamisi, sori, Ijumaa. Umefiwa na mzazi: sori sana. Timu yako imefungwa mabao matatu: sori, na hapo mtu anakuchekelea. Mwenye duka hana chenji: sori. Kisha mume wa mtu anarudi nyumbani saa tisa usiku, simu ilikuwa imezimwa siku mbili, na karo ya watoto imeisha mahali asipotaka kupataja. Anavua viatu mlangoni. Anasema nini? Sori. Neno lile lile alilomwambia makanga.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Sigombani na Kiingereza. Neno hili lina historia yake nzuri. Lilitoka kwenye neno la kale la Waingereza lililomaanisha maumivu, kitu kama kidonda. Mtu aliyekuwa sori alikuwa mtu mwenye maumivu moyoni. Baadaye likaanza kutumika hata kwa kitu duni cha kusikitisha, mpaka nyumba mbovu au kisingizio dhaifu huitwa kwa neno hilo. Lakini angalia jambo moja. Tangu mwanzo wake, neno hili linanieleza wewe unajisikiaje. Halinielezi ulifanya nini.

Na sisi tulikuwa na stoo iliyojaa! Kiswahili kina pole, na pole ni neno la rehema. Unampa mgonjwa, unampa aliyechoka, unampa aliyefiwa, na pwani watampa makiwa. Ndani ya pole hakuna hatia. Ndiyo maana Mkenya akimwona mgeni kutoka Ulaya amejikwaa barabarani anamwambia sori, na mgeni anashangaa, mbona si wewe uliyenisukuma? Mkenya wa watu amesema tu pole kwa Kiingereza. Hilo ni jema, tusiliache. Tuna samahani, ambayo waweza kumwambia hata usiyemkosea: samahani, stendi iko wapi? Tuna simile ya kuomba njia. Tuna niwie radhi, na hiyo inataka mtu asimame, kwa maana unamwomba mwenzako aridhike, na huwezi kujua kama ameridhika ukiwa umeshampa mgongo.

Halafu tuna nimekosa. Hapo ndipo mguu hunasa. Ukisema nimekosa, aliye mbele yako ana haki ya kuuliza: umekosa nini? Na lazima jibu liwe na jina, na tarehe, na wakati mwingine kiasi cha pesa. Sori haiulizwi chochote. Inatupwa kama chenji ya shilingi kumi na mtu anaenda zake.

Fungua Mathayo 14. Herode amelewa sifa kwenye sherehe yake, binti amecheza, kiapo kimetoka, na sasa kinachotakiwa ni kichwa cha Yohana Mbatizaji. Mstari wa 9, Biblia zetu zinasema mfalme alisikitika. Sasa chukua Biblia ya King James, ile ya mwaka 1611, uangalie neno lililowekwa pale. Sorry! Herode alikuwa sori. Sidhani alikuwa anaigiza. Marko 6 inasema alikuwa akimsikiliza Yohana kwa furaha. Alisikia vibaya kabisa moyoni, na akiwa katika huzuni hiyo hiyo akatoa amri, na kichwa kikaletwa kwenye sinia.

Mpendwa, unaweza kuwa sori na kichwa bado kikaletwa kwenye sinia.

Chuo cha Biblia walitupitisha kwenye maneno mawili ya Kigiriki ambayo sijayasahau. Moja ni la kujuta, metamelomai. Lingine ni metanoia, kubadili nia, na ndilo tunaloliita toba. Majuto si mabaya. Yule mwana wa Mathayo 21 aliyemkatalia baba yake alijuta, akaenda shambani. Lakini Yuda naye katika Mathayo 27 ametajwa kwa neno hilo hilo la majuto, na tunajua alikoishia. Paulo katika 2 Wakorintho 7 anatenganisha huzuni inayozaa toba na huzuni ya dunia inayozaa mauti. Kwa hiyo usinionyeshe machozi ukadhani umemaliza. Machozi ni mwanzo tu, nataka kuona miguu imeelekea wapi.

Na tukiwa hapo kwa Yuda, angalia jambo lililonishtua. Alikiri. Tena alirudisha pesa, vipande vyote 30. Lakini aliwapelekea makuhani! Alikwenda kuungama kwa watu ambao hakuwakosea. Wengine wenu mnafanya hivyo kila mwezi. Mnakuja ofisini kwangu, mnalia, tunaomba, mnatoka mmepumua. Mimi sikuibiwa. Mimi sikutukanwa mbele ya wakwe. Mwenye deni lake yuko Kayole, na simu yake inafanya kazi.

Usidhani ni wewe peke yako unayecheza na neno hili. Hata mataifa makubwa yanalizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Australia, kwa miaka mingi, serikali na makanisa waliwachukua watoto wa wenyeji wa nchi ile kutoka kwa mama zao. Watu wakataka serikali iseme sorry, na tangu 1998 wakaanza kuadhimisha siku ya neno hilo kila tarehe 26 Mei. Waziri mkuu wa wakati huo, John Howard, alikubali kusema anasikitika, lakini neno lenyewe la kuomba radhi kwa niaba ya taifa akalikataa. Lilikuja kusemwa bungeni na Kevin Rudd, tarehe 13 Februari 2008. Taifa zima lilibishana miaka kumi juu ya neno ambalo wewe unamtupia mke wako ukitafuta rimoti.

Na sisi Wakenya tuna yetu. Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London akasema serikali yake inasikitika kwa mateso waliyopata Wakenya wakati wa Mau Mau. Wazee 5,228 wakalipwa, jumla pauni milioni 19.9. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alisema serikali yake haikubali kuwajibika kisheria. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2023, Mfalme Charles akaja Nairobi, akazungumza habari za huzuni na majuto makubwa. Wengi tulingoja neno la kuomba msamaha. Halikuja. Nyumbani kwetu ikawa kinyume: Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali, waziwazi, kwa makosa ya tangu uhuru, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Wako waliozeeka wakiungoja mfuko huo. Mmoja analipa bila kukiri, mwingine anakiri bila kulipa, na aliyeumizwa anabaki kuunganisha vipande viwili ambavyo havikutoka kwa mtu mmoja.

Wanasheria wenyewe wamelimaliza neno hili nguvu. England, sheria ya mwaka 2006 inasema kwamba kuomba radhi peke yake hakuhesabiki kuwa umekubali uzembe. Naelewa kwa nini, walitaka daktari aweze kuzungumza na familia bila kuogopa korti. Lakini wewe si bima. Usije na sori ya wanasheria kitandani kwako.

Ipo moja inayonikera kuliko zote: sori kama. Sori kama nilikukosea. Sori kama ulijisikia vibaya. Ndugu yangu, hiyo ni kesi unamfungulia mwenzako. Umemwambia tatizo ni hisia zake. Daudi alipokabiliwa na nabii Nathani katika 2 Samweli 12 hakusema kama. Sauli katika 1 Samweli 15 alisema nimekosa, lakini pumzi ile ile akamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa Israeli. Alitaka kurudi jukwaani. Kwa hiyo hata neno zuri laweza kusemwa kwa kinywa kinachotafuta kipaza sauti.

Tushuke sasa mahali penye moto. Chukua mweka hazina wa chama. Akina mama wanane, kila mmoja ameweka 10,000 mwaka mzima, wengine kutoka kuuza mboga, mmoja kutoka kufua nguo za watu. Desemba pesa hazipo. Mweka hazina anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp: sori wapendwa, mambo yaliharibika, Mungu anajua moyo wangu. Anaweka picha ya jua likichomoza. Watatu wanajibu amina kwa sababu ya aibu. Jumapili mbili baadaye amesimama mbele na kipaza sauti anashuhudia jinsi Bwana alivyomvusha kwenye mapito. Kumvusha wapi? Amevuka na pesa za watu!

Soma Hesabu 5, mstari wa 6 na wa 7. Aliyekosa aungame, arudishe mali yote, na aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Piga hesabu. 80,000, sehemu ya tano ni 16,000. Hiyo ni 96,000, dada yangu. Hiyo ndiyo sori kwa lugha ya Musa.

Najua mtakaloandika hapa chini: pasta, sisi tuko chini ya neema. Haya, tuende kwa neema. Zakayo, Luka 19, hakuna aliyemsomea torati siku ile. Yesu ameingia tu nyumbani, na Zakayo anasimama mwenyewe na kusema nusu ya mali ni ya maskini, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Hakununua wokovu. Wokovu ulipoingia, pochi ilifunguka yenyewe. Kwa hiyo wewe wa neema unadaiwa zaidi ya 96,000. Kama huna, sema huna, weka tarehe, tuma mia tano mia tano kwa M-Pesa mpaka iishe. Mungu haoni haya na mia tano.

Na sasa nyinyi mnaodai kwa nguvu. Unamsikia mtu anapaza sauti: si nilisema sori? Unataka nini tena? Kama kwamba sori ni risiti. Mwanamume amempiga mke wake, amesema sori, amenunua mkate na maziwa, na mama wa maombi wanamzunguka yule dada wakimwambia asamehe arudi, Biblia inasema sabini mara saba. Sikilizeni. Luka 17:3 inaweka onyo kwanza na toba pili kabla ya kufika kwenye msamaha. Kusamehe kunaweza kuanza moyoni leo, lakini kurudi kwenye nyumba ambako ngumi hazijatubu ni jambo jingine. Nchi hii ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Dada, kwenda polisi si kukosa imani. Na mwanamume huyo akitaka nimwamini ametubu, aanze kwa kulitaja tendo: nilikupiga. Asiseme tulikosana. Asiseme shetani aliingia. Shetani ana mambo yake ya kujibu, hana mikono ya kushika mshipi.

Wachungaji wenzangu mnaosoma hapa, nanyi. Tumewazoesha watu. Tunawaita mbele, wanarudia sala kwa sauti moja, dakika mbili, wanaketi, na mwenye kiti cha nyuma aliyeibiwa na mtu wa kiti cha mbele anatakiwa apige makofi. Mathayo 5:23 na 24 inaamuru aache sadaka yake hapo hapo, atoke nje, aende akapatane kwanza. Ni lini mara ya mwisho umeona mtu akitoka nje ya kanisa katikati ya sadaka kwa sababu hiyo?

Jumapili hii ni Meza ya Bwana. Leo ni Jumatano. Ukimkumbuka mtu wakati unasoma hapa, huyo huyo uliyemkumbuka, usimtumie ujumbe wala picha ya maua. Mpigie, au mwendee. Acha sori kwa makanga. Mwambie nimekosa, kisha utaje jambo lenyewe kwa jina lake, na unyamaze umwache aseme, hata akisema dakika arobaini. Kama kuna kitu chake mkononi mwako, nenda nacho. Asipokusamehe siku hiyo, hana deni kwako.

Ibada inaanza saa tatu. Ukichelewa kwa sababu ulipitia huko, waambie mashemasi mlangoni. Nimewaagiza wakuwekee kiti.