Baiskeli: Panga kurudi kabla hujapanga kwenda

Siku hizi ukipita barabara ya Lang'ata au ile ya Ngong Jumamosi alfajiri, hutakosa kukutana na vikundi vya watu waliovalia kaptura za kubana na kofia ngumu, wakinyonga baiskeli kuelekea nje ya jiji la Nairobi. Wengi wao si vijana. Ni makarani, mawakili, walimu na wafanyabiashara waliovuka umri wa miaka 40, ambao waliambiwa na daktari wapunguze uzani au presha, nao wakaamua kwamba afadhali jasho kuliko vidonge.

Hilo ni jambo la kupongezwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda wa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na baiskeli ni mojawapo ya njia rahisi za kutimiza hayo bila kuumiza magoti. Lakini dawa yoyote ina kipimo chake. Mtu aliyekaa kitini Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi na Jumapili akaenda kilomita 200 juani, hajanywa dawa, amemeza chupa nzima.

Maoni yangu ni kwamba wengi wetu huzipanga safari hizi kinyume. Tunaanza na kwenda: tutaondoka saa ngapi, tutakula nyama wapi, tutalala wapi. Kurudi tunakuachia Mungu. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa mmoja wao, na nusura tumzike mwenzetu.

Ilikuwa Februari 2019. Tulikuwa watu sita wa ofisi moja, na tulichagua barabara ya Magadi. Anayeijua njia hiyo anaelewa kwa nini inavutia. Ukishapita Ongata Rongai na Kiserian unapanda hadi Kona Baridi, penye upepo wa kutetemesha meno, kisha Bonde la Ufa linafunguka mbele yako na barabara inateremka. Kutoka hapo hadi Ziwa Magadi unashuka zaidi ya mita 1,000. Njia nzima kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa ni kukalia kiti na kushika breki.

Jumamosi hiyo tulijiona mabingwa. Aliyetangulia siku nzima alikuwa bwana mmoja wa miaka 47, mcheshi na mwenye mapaja kama magogo. Jioni alitucheka tuliochelewa.

Jumapili tuliamka tukiwa wazito, tukanywa chai polepole na kupiga picha ziwani, tukaondoka saa tatu unusu. Sasa ule mteremko wa jana ulikuwa mlima, na jua la Magadi halina huruma. Joto la nyuzi 35 na zaidi ni jambo la kawaida huko. Saa saba mchana tulikuwa tumeipita Olorgesailie tukipanda kuelekea Oltepesi. Yule bingwa wa jana alikuwa wa mwisho. Mara nikamwona anayumba kama mlevi. Tulipomuuliza kama yuko sawa alitujibu kwamba amechelewa mkutano, na funguo za ofisi ziko kwa nani. Kisha akaanguka kando ya barabara.

Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa na kibanda cha soda hapo karibu ndiye aliyetuokoa. Sisi tulikuwa tukimminia maji kinywani kwa nguvu, naye akipaliwa. Mama alitusukuma kando, akasema alazwe kivulini, akatupa mtungi mzima wa maji tummwagie mwili mzima, na katoni ya kumpepea. Tulimpepea karibu nusu saa kabla ya pikapu kutokea. Tukiwa tunampandisha, mama akatuuliza swali ambalo sijalisahau: "Wazee wangu, hata mbuzi saa hizi wako chini ya mti. Nyinyi mlikuwa mnakimbilia wapi?"

Mwenzetu alilazwa siku nne, akapona. Hospitalini ndipo tulipopata habari kwamba alikuwa akitumia dawa za presha, za aina ile inayomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara ili kupunguza maji mwilini. Hakutuambia, nasi hatukumuuliza. Tulikuwa tumekagua tairi, breki na minyororo ya baiskeli zote sita, lakini hakuna aliyekagua mtu hata mmoja.

Kwa sababu hiyo, ewe msomaji unayepanga kutoka na wenzako wikendi moja hivi karibuni, naomba uanze na maswali mawili. La kwanza: ni nani kati yetu aliye mnyonge zaidi? La pili: Jumapili saa saba mchana atakuwa wapi? Ukipata majibu, mengine yote yatajipanga.

Kupima watu

Waulize wenzako waziwazi: nani ana presha, nani ana kisukari, nani ana pumu, nani huumwa na kifua akipanda ngazi? Si aibu. Mwenye umri wa miaka 40 na zaidi ambaye hajazoea mazoezi makali, au mwenye ugonjwa wowote kati ya hayo, amwone daktari kwanza na amweleze kinagaubaga kwamba anataka kwenda kilomita kadhaa juani kwa siku mbili. Asiache dawa kwa hiari yake, bali daktari ndiye atakayemwambia kama kipimo au saa ya kumeza inafaa kubadilishwa. Mwenye kisukari anayejidunga insulini ajue kwamba mazoezi hushusha sukari, hata saa kadhaa baada ya kupumzika. Abebe glukosi mfukoni, na wenzake wajue ilipo.

Halafu kuna mazoezi. Jipe majuma manane hadi 12. Ongeza urefu wa safari yako kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kila wiki. Na jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kilomita 60 za siku moja si sawa na kilomita 60 za siku ya pili. Kabla ya safari yenyewe, jaribu angalau mara moja kunyonga Jumamosi na Jumapili mfululizo. Ukiona Jumapili huwezi hata kukalia kiti, umejifunza jambo hilo ukiwa karibu na kwako.

Kupima njia

Kwa barabara hii ya Magadi, ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usifike Magadi. Pakia baiskeli garini hadi Kiserian, uanzie safari hapo na uishie Olorgesailie, yapata kilomita 40. Pana vibanda vya kulala na uwanja wa kupiga hema chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, lakini uende na chakula chako na maji yako ya kunywa. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi utafika kabla jua halijakuwa kali, na alasiri yote utakuwa na nafasi ya kupumzika na kuyatazama mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, ambayo Louis na Mary Leakey waliyachimbua katika miaka ya 1940.

Jumapili, uwe barabarani kunapopambazuka. Kutoka hapo hadi Kona Baridi utapanda karibu mita 1,000. Mtu wa kawaida hataweza zaidi ya kilomita nane au 10 kwa saa. Piga hesabu: atamaliza kati ya saa nne na saa tano. Lakini akiondoka saa tatu unusu kama tulivyofanya sisi, saa saba itamkuta katikati ya mlima. Anayetaka kuliona ziwa lenyewe aende kwa baiskeli, arudi kwa gari. Kupakia baiskeli juu ya matatu si kushindwa.

Wanaoogopa kuchekwa kwa kwenda pole wafikirie mbio za Paris-Brest-Paris kule Ufaransa, zilizoanza mwaka wa 1891. Siku hizi si mashindano tena. Ni safari ya kilomita 1,200 hivi, nayo hupewa saa 90, na hakuna anayetuzwa kwa kufika wa kwanza. Katika safari za aina hiyo za kilomita 200, mtu hupewa saa 13 na nusu. Huo ni mwendo wa kilomita 15 kwa saa, mapumziko na kula vikiwemo. Ikiwa mabingwa wa Ufaransa wanaridhika na hiyo, karani wa Nairobi anakimbilia wapi?

Maji, chumvi na chakula

Katika joto, nusu lita ya maji hadi robo tatu kwa saa huwatosha watu wengi. Kunywa kidogo kidogo. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Lakini pia usijijaze maji matupu hadi tumbo likapiga mawimbi, kwani yakizidi huzimua chumvi iliyo katika damu, na mtu anaweza kuchanganyikiwa, kupatwa na kifafa na hata kufa. Beba pakiti za ORS kutoka duka la dawa. Ukizikosa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Usikisie.

Kula kabla hujaona njaa. Baada ya saa ya kwanza, mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya kadiri ina kama gramu 25. Kwa hivyo ndizi mbili, au viazi vitamu vya kuchemsha, vinatosha. Nyama choma na bia ngojea ufike nyumbani. Na usimeze dawa za maumivu kama ibuprofen ili kunyamazisha magoti njiani. Mwili uliopungukiwa na maji ukipewa dawa hizo, figo ndizo huumia.

Mwenzako akianza kuyumba, kukasirika bila sababu au kusema maneno yasiyo na mpango, usingoje aanguke. Huo unaweza kuwa mwanzo wa kuzidiwa na joto, hali ambapo joto la mwili huvuka nyuzi 40, nao huua. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kukoma huku wengine wakitafuta gari. Kumpoza kunatangulia kumsafirisha. Asiyejitambua usimpe kitu kinywani, kama tulivyofanya sisi kwa ujinga.

Sitasema mengi kuhusu barabara yenyewe kwa sababu kila mtu anajua matatu na malori yetu. Vaa kofia ngumu, weka taa nyekundu nyuma, nendeni msafara mmoja badala ya kukaa sambamba mkipiga soga. Kwenye mteremko, punguza mwendo kabla ya kona. Kila mmoja abebe tyubu, pampu na spana yake, na asiachwe mtu peke yake nyuma.

Najua watakaoninyoshea kidole. Watasema kwamba baba zetu walibeba magunia ya mahindi kwenye Black Mamba isiyo na gia, na kwamba vijana wa boda boda kule Busia na Kisumu walibeba abiria siku nzima bila kupimwa na daktari wala kunywa ORS. Ni kweli. Lakini baba alifanya hivyo kila siku ya maisha yake, na mwili wake ulijua kazi hiyo. Tena alikuwa na akili ya kupumzika chini ya mwembe jua lilipowaka. Sisi tumerithi baiskeli tu, na ile akili tumeiacha mashambani.

Wengine watasema nikiweka masharti haya yote nitawatisha watu warudi kwenye viti vyao. Sivyo. Nataka watu wengi zaidi watoke, na nataka wote warudi. Yule mwenzetu bado anaendesha baiskeli. Mwaka uliofuata alipopanga safari yake ya kwanza tangu kuugua, alitukusanya ofisini, akaweka vidonge vyake mezani mbele yetu sote, akasema, "Mimi hunywa hivi. Nanyi je?" Kulikuwa na kimya kidogo, kisha wawili kati yetu wakafungua mikoba yao.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Jumamosi hii, kabla hujajaza upepo kwenye tairi, waulize wenzako swali hilo.