Bandeji ngumu haitoshi

Tangu makubaliano ya kujenga bandari ya Bagamoyo yaliposainiwa Machi 2013, Mbegani imetajwa kwa gati, meli na makontena. Sisi leo tunaitaja kwa mifupa ya watu wake. Kati ya hapa na mjini Bagamoyo bodaboda huanguka, watu huteleza, miguu huvunjika. Mgonjwa hupigwa picha, hufungwa bandeji ngumu, huambiwa arudi baada ya wiki sita. Akirudi mfupa haujaunga, lawama humwendea daktari, au jirani mwenye jicho baya. Akiwa mnene, unene wake hautajwi, maana kwetu kunenepa bado ni kunawiri.

Imani ya kwamba mtu mnene ana mifupa imara imedumu mno, na hata waganga wa hospitali waliwahi kuiamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia wanawake zaidi ya 60,000 wa umri wa miaka 55 na kuendelea katika nchi 10, uliivunja: unene haukuwakinga, na vifundo vya miguu na mapaja ya walio wanene yalivunjika zaidi kuliko ya wengine. Wanawake hao walikuwa wa Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia, lakini mfupa wa binadamu ni mmoja.

Wavuvi wa Mbegani wataelewa upesi kuliko wengi. Wavu wa nailoni uliochomwa na jua msimu mzima huonekana mzima, matundu yote yapo, hata uzito haujapungua. Uvute samaki wakiwamo: nyuzi zinakatika bila kunyumbuka. Ndani ya mfupa nyuzi hizo ni kolajeni, takriban asilimia 90 ya sehemu yake isiyo madini. Madini huupa mfupa ugumu. Kolajeni huuwezesha kupokea kishindo bila kupasuka. Unene ukizaa kisukari, sukari iliyozidi katika damu hujishikiza kwenye nyuzi hizo na kuzifunga ovyo, zikakakamaa. Ndiyo maana kipimo cha madini kinaweza kusoma vizuri kwa mgonjwa wa kisukari, na mfupa ukavunjika vilevile.

Kisha huja kuunga. Damu huganda penye ufa, gegedu laini lenye kolajeni hujengeka juu yake, ndipo madini hulijaza. Kwa mtu mwenye unene uliokithiri, chembe mama za kwenye uboho, ambazo zingekuwa mafundi wa mfupa, nyingi hugeuka mafuta, na uvimbe usiokwisha mwilini huharibu kazi ya zilizobaki. Panya walionenepeshwa maabara wameonyesha hivyo: kiungio kidogo, kimejaa mafuta, kimechelewa. Vitamini D, ambayo mfupa unaihitaji, nayo hunaswa ndani ya mafuta ya mwili, hata kwa mtu aishiye chini ya jua la pwani.

Hatusemi haya kumdhihaki yeyote. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene, na ule wa 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hao ni wazazi wetu na ndugu zetu. Chipsi na soda wanauziwa mlangoni; ushauri wa lishe wanaufuata mbali.

Hukumu yetu ni hii: kumfunga mtu mguu bila kumpima uzito na sukari ni kufanya nusu ya kazi. Halmashauri ya Bagamoyo iagize vipimo hivyo kwa kila mgonjwa mzima aliyevunjika, na mtaalamu wa lishe amwone kabla hajaruhusiwa. Asiambiwe ashinde njaa, kwa kuwa kolajeni mpya hujengwa kwa protini na vitamini C. Aambiwe ale samaki na dagaa wa hapa hapa, wasiokaangwa, pamoja na mapera na machungwa. Na familia zisimwondoe wodini kumpeleka kukandwa mguu ambao haujashika. Mizani na tone moja la damu ya kidoleni havihitaji kusubiri bajeti ya mwakani.