MAMBO YA NYUMBANI: Michezo ya Watoto Wadogo Siku ya Mvua

Katika nchi yetu ya ufuoni mwa ziwa, tangu Kisumu hadi Homa Bay, na tangu Asembo hadi Usenge, mvua haina desturi ya kubisha hodi. Asubuhi jua huwaka, na mkulima wa Kano huanika mahindi yake uani. Ikifika alasiri wingu jeusi hutanda, radi hunguruma, na kabla mama hajaanua nguo kambani watoto wa boma zima wamekwisha kukimbilia ndani. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, jambo hili laweza kutukia siku baada ya siku. Na vuli nayo haitusahau.

Hapo ndipo taabu huanza. Watoto sita au saba, wa umri wa miaka 3 hadi 6, wamejaa katika chumba kimoja. Mkubwa amsukuma mdogo, mdogo alia, na mzazi, ambaye naye ana kazi zake, apaza sauti: "Nyamazeni! Kaeni kitako!" Watoto hunyamaza kitambo kidogo, kisha ghasia hurudi maradufu. Wazazi wengine siku hizi huwapa simu waitazame. Lakini Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa shauri mwaka 2019 ya kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 apate kuchezesha mwili wake muda usiopungua dakika 180 kila siku, na asitazame picha za simu wala televisheni kupita saa 1. Mvua haiondoi haja hiyo. Mtoto aliyefungiwa ndani angali na miguu itakayo kuruka na akili itakayo kazi. Asipopewa kazi iliyo njema atajitafutia yake mwenyewe, na mara nyingi ataipata jikoni, karibu na moto.

Wako wasemao ya kuwa kuwachezesha watoto nyumbani ni desturi ya kigeni. Sivyo hata kidogo. Katika boma za Wajaluo wa zamani palikuwa na nyumba ya bibi mzee, iitwayo siwindhe, ambamo watoto walilala pamoja na kufundishwa kwa hadithi, vitendawili na mazungumzo. Friedrich Froebel alipofungua shule yake ya watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, na Maria Montessori alipofungua yake mjini Roma mwaka 1907, kila mmoja alikuwa na utaratibu wake. Lakini kwamba mtoto mdogo hujifunza akiwa amefurahi pamoja na wenzake, hilo bibi wa siwindhe hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Kabla ya mchezo wowote, yapasa kutengeneza chumba. Ondoa taa ya mafuta ya taa, visu na maji ya moto. Jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa madirisha, hata kama kuna baridi, kwa maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua. Radi ikipiga, watoto wasisimame mlangoni wala dirishani. Na ikiwa yupo mtoto wa chini ya miaka 3, asichezee maharagwe, kokoto wala vifungo, kwani atavitia puani au kinywani, navyo vyaweza kumkaba.

Sasa tuje kwenye michezo yenyewe. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa mabati, na kila mmoja ajua ya kuwa mvua kubwa ikipiga mabati, hata mtu mzima hasikii asemalo jirani yake. Kumbe si ajabu kwamba hadithi haiwatulizi watoto wakati huo! Basi mchezo na ufuate sauti ya mvua.

Mvua inapopiga kwa nguvu, tumia michezo ya macho. Weka juu ya mkeka vitu vitano vijulikanavyo: kijiko, gunzi la mahindi, kikombe, kitana na kiatu. Watoto wavitazame vyema, kisha vifunike kwa leso na kuondoa kimoja kwa siri. Funua, nao waonyeshe kwa mkono ni nini kilichopotea, mahali pake palipokuwa. Wakizoea, ongeza viwe saba au vinane. Mchezo mwingine ni wa kuiga: mtoto mmoja asimama mbele na kutenda kazi aijuayo, kama kutwanga, kuvuta wavu, kupiga kasia au kuendesha baiskeli. Wenzake wote humwiga, na kila mtoto hupata zamu yake ya kuongoza. Hapana neno linalohitajika, ila macho tu.

Mvua inapopungua, lakini watoto wameanza kuona baridi na kuchoka kukaa, ndiyo saa ya michezo ya mwili. Katika mchezo wa wavu na ngege, watoto wawili hushikana mikono na kuiinua juu kama wavu. Waliobaki ndio ngege, nao hupita chini yake mmoja mmoja wakiimba wimbo wowote waujuao. Wimbo ukikoma, wavu hushuka. Aliyenaswa hataji kushindwa, bali hushika nafasi ya mmoja wa wavuvi. Kadhalika upo mchezo wa mikeka. Tandika mikeka midogo au magunia matano, upige debe, watoto wakizunguka. Debe likinyamaza, wote wasimame juu ya mikeka. Kila mara ondoa mkeka mmoja, lakini usimwondoe mtoto yeyote, mpaka mwisho wote wabanane na kushikana juu ya mkeka mmoja bila mtu kuanguka. Watoto hucheka sana hapo, nao hujifunza kumshika mdogo asisukumwe nje.

Mvua inapobaki ya manyunyu, masikio yamefunguka. Huu ndio wakati wa "Kitendawili!" na "Tega!", na wa "Paukwa!" na "Pakawa!" Mtoto wa miaka 5 aweza kutega kitendawili chake mwenyewe cha kitu kilichomo chumbani, wenzake wakitafuta jibu. Wale waliotimiza miaka 5 waweza pia kuanzishwa ajua, ule mchezo wa wazee wetu wa kugawa mbegu katika mashimo. Kasha tupu la mayai latosha kuwa ubao wake. Anayegawa mbegu moja moja anafanya hesabu, ijapokuwa hajui ya kuwa ni hesabu.

Yako mambo matatu ya kushika. Kwanza, mchezo mmoja usizidi robo saa, kwani mtoto mdogo huchoka upesi. Pili, usitoe zawadi kwa mshindi mmoja, maana zawadi moja kati ya watoto saba ni ugomvi wa jioni nzima. Tatu, mtu mzima aanzishe mchezo, kisha arudi nyuma kidogo na kuwaachia watoto waamue zamu ni ya nani.

Hilo la zamu ndilo kubwa kupita yote. Katika mtaala ulioanza kutumika nchini Kenya mwaka 2019, mtoto wa miaka 4 huingia darasa la kwanza la shule ya awali, na wa miaka 5 huingia la pili. Mwalimu humpokea pamoja na wengine wengi. Aliyezoea kusubiri zamu, kusikiliza mpaka neno liishe na kushindwa bila kupiga mtu, huanza kujifunza mara moja. Asiyezoea hupoteza siku nyingi akifundishwa kukaa na watu. Tofauti hiyo haitokani na wingi wa fedha za baba, bali yaweza kutokana na jinsi alasiri za mvua zilivyotumiwa nyumbani.

Na wala si nyumbani tu. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda na mito kufurika, jamaa nyingi za Nyando na Budalangi zilihama, wengine wakakaa pamoja katika majengo ya shule. Mahali pa namna hiyo, ambapo mtoto ameachana na kitanda chake na uwanja wake, mchezo si anasa. Ni sehemu ya matunzo, kama uji na blanketi, wala haununuliwi dukani.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Karani arudipo kazini ameloa, na mkulima arudipo shambani kwa sababu ya mvua, asidhani ya kuwa hii ni kazi ya mama peke yake. Naye mama saa hiyo yuko jikoni, na moshi umo machoni mwake. Baba abadili nguo, ashike debe, apige. Heshima yake haitapungua, na watoto hawatakwenda karibu na moto. Samaki mkunje angali mbichi.